Mtoto anapima, jibu linakataa: dalili, sababu na tiba za makosa ya urefu

Watoto watatu wa miaka sita wamepewa penseli moja na rula. Wa kwanza anapima, anasema saba. Wa pili anasema sita. Wa tatu anakuna kichwa, anasema tano na nusu. Kwa kawaida mtu mzima huona hapo mmoja aliyepata na wawili waliokosa, akawasahihisha wawili hao kwa maneno yale yale. Lakini saba ina chanzo chake, tano na nusu ina chake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta jibu au tendo linalofanana na la mtoto wako. Anza na sababu iliyotajwa mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayojitokeza mara nyingi, kisha shuka. Umeandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka minne hadi minane hivi.

Kabla ya yote: kagua vifaa

Nimewahi kumsahihisha mtoto kwa siku mbili, kumbe rula ya karatasi niliyompa mimi ndiyo iliyokuwa na kasoro. Printa nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili uenee kwenye karatasi, na rula iliyochapishwa hivyo hutoka fupi. Ilaze kando ya rula halisi. Kama alama za 20 hazikutani, itupe.

Rula za plastiki nazo zitazame mwanzoni. Nyingine 0 iko ukingoni kabisa. Nyingine kuna nafasi tupu ya milimita kadhaa kabla ya 0. Nyingine zimechakaa hadi 0 imefutika, na namba ya kwanza inayoonekana ni 1. Usiwape watoto wa kundi moja rula za aina tofauti katika wiki ya kwanza. Ukiweza, chagua rula yenye sentimita pekee, kwa sababu upande wa inchi ni mtego ambao tutaukuta mbele.

Tepu ya chuma ina kile kipande cha mbele kilichopinda, kinachocheza. Usikigonge nyundo ukidhani kimelegea. Kimeachwa kicheze kwa makusudi, kiasi cha unene wake chenyewe, ili kipimo kiwe sahihi ukikisukuma ukutani na hata ukikining'iniza kwenye ukingo.

Angalizo la usalama: tepu ya chuma hurudi kwa kasi na kingo zake hukata, kwa hiyo ishike wewe. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na kamba ndefu, maana huizungusha shingoni. Vifuniko, shanga na vipande vidogo vya kupimia viwekwe mbali na walio chini ya miaka mitatu.

Dalili: "Hiki ni kirefu, si unaona kimetokeza"

Umelaza vijiti viwili mezani. Mtoto anatazama ncha za upande mmoja tu, na kilichosogea mbele ndicho anachokiita kirefu, hata kama ndicho kifupi.

Sababu inayoongoza ni nyepesi: hajawahi kuonyeshwa kwamba vitu vinavyolinganishwa huanzia mahali pamoja. Sisi watu wazima tunavisawazisha bila kufikiri, na ndiyo maana tunasahau kulifundisha. Chora mstari mezani, mwambie vijiti ni wakimbiaji na wote wanaanzia hapo. Watoto wanaijua hiyo. Aliyesimama mbele ya mstari ameiba. Akishapata jibu sahihi mara nyingi, futa mstari. Akivisawazisha bila kukumbushwa, nenda dalili nyingine.

Kama mstari upo na bado anakosea pale kijiti kinaposukumwa, sababu ni ya ndani zaidi: anaamini urefu hubadilika kitu kinapohama. Jaribio lake lilipata umaarufu kwa kazi ya Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Weka vijiti viwili vilivyo sawa, sambamba. Mtoto anakubali ni sawa. Sukuma kimoja mbele kidogo mbele ya macho yake. Watoto wengi wa miaka minne na mitano watasema sasa hicho ndicho kirefu, tena kwa uhakika kabisa. Hapo usibishane naye. Mpe vijiti avisukume na kuvirudisha mwenyewe, halafu mwelekeze macho upande wa nyuma: "Huku kimetokeza. Na kule je?" Akigundua kwamba kilichoongezeka mbele kimepungua nyuma, mlango umefunguka. Asipogundua, subiri miezi kadhaa. Kumkaririsha "ni sawa" kutakupa jibu sahihi lisilo na kitu ndani.

Iko sababu ya tatu, nayo inatoka kwako. Ukimwuliza mtoto swali lile lile mara mbili, hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, akalibadilisha ili akuridhishe. Katika jaribio la vijiti, acha kuuliza kabla ya kusukuma. Mwache yeye mwenyewe avipange viwe sawa, kisha usukume, uulize mara moja tu.

Dalili: refu na kubwa ni kitu kimoja kwake

Mwonyeshe kigogo kinene kifupi na ufito mwembamba mrefu. Mwulize kipi kirefu. Anaonyesha kigogo.

Kabla ya kufundisha chochote, fanya jaribio lisilo na maneno. Mpe kijiti, umwambie: "Nitafutie mwenzake huyu." Akirudi na kijiti kinacholingana, macho yake yanaujua urefu vizuri, kilichochanganyika ni maneno. Akirudi na chochote kile, rudi dalili iliyotangulia.

Tatizo la maneno ndilo la kawaida, na kwa Kiswahili lina mizizi yake. "Mkubwa" ni mwenye umbo, ni mwenye umri, ni mwenye cheo. Mtoto aliyezoea kusikia "dada yako ni mkubwa, msikilize" akikutana na dada mfupi kuliko mdogo wake hupata kazi ngumu. Neno "refu" nalo halitulii: mti mrefu umesimama, kamba ndefu imelala, shimo refu linashuka chini, na bado kuna siku ndefu isiyopimika kwa rula. Wapo watoto wanaodhani refu ni lile lililosimama tu. Isimamishe fimbo, wanasema ndefu. Ilaze, wanasimama kimya.

Halafu kuna upatanisho wa ngeli. Kijiti kirefu, kamba ndefu, mstari mrefu, majani marefu: kwa mtoto anayejifunza Kiswahili akiwa na lugha nyingine ya nyumbani, hayo yanaweza kusikika kama maneno manne. Kwa wiki nzima tumia nomino moja. Vijiti, basi. Kirefu, kifupi, virefu, vifupi. Ukiona hababaiki, ndipo ulete kamba.

Tiba ni kuacha "kubwa" kabisa mnapozungumzia urefu, na kuoanisha maneno kwa jozi: refu na fupi, nene na embamba, pana na embamba. Usikubali "hiki ni kirefu" likaishia hewani. Uliza, "Kuliko kipi?" Zoezi ninalolipenda kuliko yote katika mwongozo huu lina vijiti vitatu tu. Kile cha katikati kilinganishe na kifupi, mtoto aseme ni kirefu. Ondoa kifupi, leta kirefu, aseme kile kile sasa ni kifupi. Baadhi hucheka, baadhi hukasirika na kudai umewadanganya. Wanaokasirika wako karibu sana kuelewa.

Dalili: kitu kile kile, leo tano, kesho saba

Hapa mtoto anapima meza kwa visanduku vitupu vya kibiriti, vitalu au klipu za karatasi, na majibu hayatulii. Usisikilize jibu. Tazama mikono.

Mara nyingi utaona mapengo. Kisanduku, nafasi, kisanduku, nafasi. Hesabu yake ni safi, ila meza haikufunikwa yote. Mtoto huyu ameelewa kwamba kupima ni kupanga vitu na kuvihesabu, na hajui kwamba kinachopimwa ni ile nafasi yenyewe, kutoka ncha hadi ncha. Mwambie sisimizi anataka kuvuka juu ya visanduku bila kukanyaga meza. Atayaziba mapengo yote kabla hujamaliza sentensi. Kulaliana, yaani kisanduku kimoja kupanda juu ya kingine, ni ndugu wa kosa hili lakini hutokea zaidi mwishoni, pale nafasi iliyobaki haitoshi kisanduku kizima.

Huo mwisho unastahili kusimamiwa. Meza halisi haziishii pale kisanduku kinapoishia. Mtoto aliyezoea majibu mazima atalazimisha: atakipandisha cha mwisho, au atakisimamisha wima, au ataleta klipu izibe pengo kisha aihesabu kama kisanduku. Hapo ndipo vizio, yaani vile vipande vya kupimia vinavyohesabiwa, vinapochanganyika, na si uzembe, ni kwamba hana neno la kusema. Mpe neno. "Sita na kidogo." "Karibu saba." "Zaidi ya sita, haijafika saba." Ukishayakubali majibu hayo, vurugu nyingi za mwisho wa meza huisha.

Sababu nyingine ni mstari kupinda. Mtoto anaanza kwenye kona ya meza na kuishia katikati ya upande wa pili. Bandika uzi ulionyooka, afuate.

Ukiona visanduku vingi anaviweza lakini kimoja cha kuhamisha kinamshinda, hiyo ni hatua nyingine kabisa, ngumu zaidi. Kwa visanduku vingi, kazi yote iko mezani, anaweza kuikagua. Kwa kimoja, lazima akumbuke kilipokuwa, akihamishe, na ahesabu, vyote kwa wakati mmoja. Kosa la hapa huwa ni kidole. Anaweka kidole mwisho wa kisanduku, kisha anaweka kisanduku baada ya kidole. Kidole cha upana wa sentimita 1, visanduku vitano, ni mapengo manne: sentimita 4 zimepotea bila mtu kuiba. Mpe penseli ya kuweka alama badala ya kidole. Akiendelea kupotea, rudi kwenye vingi kwa siku kadhaa, kisha mpe viwili avihamishe kwa zamu, cha nyuma kikipelekwa mbele, kabla ya kumrudishia kimoja.

Hesabu yenyewe kupotea (anaruka nne, au anagusa kimoja mara mbili) iko chini kwenye orodha, lakini ikiwepo isitibiwe kwa rula wala kwa visanduku. Huo ni mzigo wa kuhesabu. Acheni kupima, hesabuni kwanza.

Dalili: rula inasema saba, penseli ni sentimita 6

Wapo walimu wanaotoa rula siku ya kwanza, na watoto huifurahia kwelikweli. Sina ugomvi nao. Mimi huichelewesha, kwa sababu rula ni chombo kinachoficha kazi: vizio vimeshapangwa, vimeshahesabiwa, na mtoto anabaki kusoma namba iliyo karibu na ncha. Akikosea, huoni kosa limetokea wapi.

Anza na jicho. Mwanzo wa penseli umewekwa wapi?

Kama umewekwa kwenye 1, umepata sababu ya kwanza. Tumemfundisha kuhesabu kuanzia moja tangu alipoanza kuongea, kwa nini leo aanze na sifuri? Jibu lake litazidi kwa 1: saba.

Kama umewekwa kwenye ukingo wa rula yenye nafasi tupu mbele ya 0, jibu litapungua. Nafasi ikiwa ya milimita 5, penseli ya sentimita 6 itasomeka tano na nusu. Huyu ndiye mtoto wa tatu wa mwanzoni, na kwa kweli amefikiri vizuri: ameanzia mwanzo wa kitu. Mwonyeshe tu kwamba mwanzo wa rula na mwanzo wa kipimo si lazima viwe pamoja.

Kama ameanza kwenye 0 na bado anasema saba, anahesabu vistari badala ya nafasi. Kutoka 0 hadi 6 kuna nafasi sita na vistari saba. Angalia kidole chake kinagusa nini.

Kama jibu limeachana mbali kabisa, geuza rula. Inchi 1 ni sentimita 2.54, kwa hiyo kitu cha sentimita 10 kwenye upande wa inchi husomeka karibu 4. Na mara chache utakuta ameishika kichwa chini, anaanzia 30.

Sasa jaribio la kuwatenganisha wote. Kata rula ya karatasi uondoe mwanzo wake, ibaki kuanzia 3. Mpe kijiti cha sentimita 5, ukiweke kianzie kwenye 3, kiishie kwenye 8. Akisema 8, anasoma namba ya mwisho tu, popote alipoanzia. Akisema 6, anahesabu vistari. Akisema 5, anajua anachokifanya, na unaweza kumwachia rula yoyote. Dakika mbili tu, na utajifunza mengi kuliko ukurasa mzima wa maswali ya kujaza.

Tiba ya waliosema 8 na 6 ni moja: watengeneze rula yao. Chukua ukanda wa karatasi wenye miraba ya sentimita 1, wapake rangi mbili kwa kupishana. Siku ya kwanza, waandike namba katikati ya kila mraba, 1 kwenye mraba wa kwanza, 2 kwenye wa pili. Wapime hivyo kwa muda. Baadaye wahamishe kila namba hadi mwisho wa mraba wake, pale kwenye mstari. Usiifanye haraka hatua hii. Mtoto akihamisha 6 kutoka ndani ya mraba hadi ukingoni, huona kwamba 6 ni "miraba sita imeishia hapa". Kisha atauliza mwenyewe kwenye mstari wa mwanzo kabisa kuandikwe nini. Subiri aulize.

Dalili ndogondogo

Namba kubwa inamdanganya. Wewe umepima meza shibiri 4, yeye shibiri 6, naye anashangilia kwamba upande wake wa meza ni mrefu. Hajaona kwamba kizio kidogo huleta namba kubwa. Usieleze, pimeni tena. Kiswahili kina vipimo vya mwili vinavyofaa sana hapa: shibiri mbili hufanya mkono (kiwiko hadi ncha ya kidole), mikono minne hufanya pima (mikono yote miwili ikinyooshwa pembeni, ncha hadi ncha). Mpeni kila mmoja kamba yenye pima lake, mzilinganishe. Swali la "kwa nini zetu hazilingani?" ndilo litakaloleta haja ya sentimita.

Vitu viwili visivyoweza kukutana, kwa mfano mlango na kabati la chumba kingine. Mtoto anakisia tu kwa macho. Mpe uzi, aukate kwa urefu wa kimoja, aupeleke kwa kingine. Jibu likiwa si sahihi, kagua uzi kwanza. Wa sufu hunyumbuka, na mtoto huuvuta kwa nguvu zote.

Njia iliyopinda. Uzi ulionyooka na uzi mrefu zaidi uliokunjwakunjwa, ncha zao zikikutana, ataviita sawa. Mwache aunyooshe ule uliokunjwa. Hilo hujifunza kwa mara moja au mbili.

Wakati wa kuacha, na wakati wa kumwona mtaalamu

Siku ikiwa imeharibika, mtoto analia au anatupa rula, funga kazi. Dakika kumi na tano zinatosha kwa wa miaka mitano, na kosa la leo halitaondoka kwa kulisukuma usiku.

Akisogeza uso karibu sana na rula, akikunja jicho moja, akiinamisha kichwa upande mmoja kila mara, au akiviona vistari vya milimita kama wingu, acha masomo ya kupima na umpeleke akapimwe macho. Nimeona mtoto aliyeitwa mzembe mwaka mzima akabadilika wiki moja baada ya kupata miwani.

Mikono ikitetemeka, au akishindwa kabisa kuishikilia rula kwa mkono mmoja na penseli kwa mwingine wakati wenzake wa umri huo wanaweza, mwone daktari wa watoto. Anaweza kukuelekeza kwa mtaalamu wa tiba kazi, anayesaidia mikono na mwili kumudu shughuli za kila siku.

Mtoto aliyefikisha miaka minane au tisa, amefundishwa kwa subira na kwa vitu vya kushika, na bado haoni kipi kirefu bila kubahatisha, anapoteza hesabu chini ya kumi, au hajui kama 8 ni zaidi ya 5, anahitaji kutathminiwa na mwalimu wa elimu maalumu au mwanasaikolojia wa elimu. Huenda ana ugumu wa kujifunza hesabu unaoitwa diskalkulia. Mazoezi ya rula peke yake hayatamfikisha, na kuyaongeza kutamfanya achukie.

Usisubiri hata kidogo ikiwa mtoto alikuwa anaweza jambo, kisha ghafla hawezi tena, iwe kuhesabu, kuongea au kutumia mkono mmoja. Hilo ni la daktari, siku hiyo hiyo.

Popote utakapompeleka, nenda na karatasi uliyoandika: ulimpa nini, aliweka wapi mwanzo, alijibu nini, mikono ilifanya nini. "Alisema 8 kwa kijiti cha 5 kilichoanzia kwenye 3" itamsaidia mtaalamu kuliko "mtoto wangu hajui hesabu".